Vifaranga vya Bi Somoe

Tulimzika mama mkwe wangu, Bi Somoe, siku ya Jumapili baada ya swala ya alasiri, Kilwa Masoko. Siku ya hitima, watu walipoanza kutawanyika, nilikaa kwenye mkeka sebuleni na shemeji yangu Hamisi, kaka wa mke wangu Rehema. Alikuwa amefika kutoka Afrika Kusini na kuyakosa maziko kwa usiku mmoja tu. Amenenepa, ndevu zimeingia mvi, na akiongea husita kidogo kabla ya neno, kama mtu anayetafuta chenji mfukoni. Tulikuwa tunamalizia wali uliobaki kwenye sinia. Nikamwonyesha ukuta ulio chini ya dirisha la upande wa barabara, nikamwambia pale ndipo lilipokuwa tangi la samaki wake. Akatafuna, akameza, akaniangalia. "Samaki gani?" akauliza.

Nilidhani ananitania. Nikamweleza: wale wawili wa rangi ya dhahabu aliomletea mama yake kutoka Dar es Salaam, kabla hajasafiri. Akafikiri, kisha akasema anakumbuka kwa mbali. Kulikuwa na jamaa aliyekuwa anahama chumba Kariakoo, akamwachia samaki pamoja na kioo chao, na yeye hakuwa na pa kuwaweka. Baada ya hapo akanyoosha mkono kuchukua kipande cha nyama. Sikumlaumu. Mtu hawezi kukumbuka kila alichowahi kumpa mwenzake. Lakini tangu niliporudi Lindi nimekuwa nikiufikiria mwaka ule mmoja niliokaa katika nyumba ile, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Najua alivyowabeba samaki wale vizuri kuliko anavyojua yeye, kwa sababu mama yake alinisimulia: walivyosafiri ndani ya dumu lililokatwa juu, Hamisi amelibana kwa magoti ndani ya basi, wakavuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, maji yakimwagikia suruali yake kila gari lilipoingia shimoni, na abiria wa kiti cha nyuma wakimuuliza kama wale ni wa kukaanga.

Mimi ni mtu wa Newala, na kazi yangu ni ufundi wa majokofu. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha barafu cha wavuvi pale Masoko. Kule kwetu kijana akioa kuhamia kwa wakwe si jambo la kushangaza, na mshahara wangu haukuniruhusu kujidai, kwa hiyo tulipewa chumba cha mwisho ukumbini, karibu na mlango wa uani. Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, ya zamani, haina dari. Kuta za vyumba zilikwenda juu na kukomea njiani, na kutoka pale hadi kwenye paa ilikuwa wazi. Ukikohoa chumba cha mbele, anakuitikia aliyelala chumba cha nyuma. Nilijifunza kuvua viatu bila kutoa sauti, na kumwambia mke wangu maneno ya mume na mke kwa kumnong'oneza kwenye nywele.

Na kulikuwa na heshima ya ukwe, jambo ambalo watoto wangu wakisimuliwa leo hucheka. Mama mkwe hakai mkeka mmoja na mkwewe. Hali naye. Hamtazami usoni, na mkwe hamtazami yeye. Bi Somoe alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, aliyezaliwa Kisiwani na kuolewa Masoko, na heshima hii aliishika kwa ukali kuliko nilivyowahi kuona. Nilipotoka asubuhi nilimwamkia nikiangalia kizingiti. "Shikamoo, mama." Naye akaitikia, "Marahaba, baba," akiangalia chungu. Akitaka kunipa neno, alimwambia Rehema, hata kama nimesimama hatua chache kutoka alipo. "Mwambie mumeo uji uko tayari." Nami nikamwambia Rehema amwambie mama ahsante. Rehema, ambaye mimba yake ilikuwa changa na inamtapisha, alisimama katikati yetu kama mtu wa posta, mpaka siku moja akasema amechoka, tupigiane kengele.

Sikujua ni heshima tu au kuna jambo jingine, hadi alasiri moja nilipokuwa nimejinyoosha chumbani baada ya chakula. Tulikuwa tumekula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na nyumba nzima ilikuwa imelala usingizi wa mchana, au mimi nilidhani imelala. Sauti ya Bi Somoe ikapanda juu ya ukuta, ya chini, akiongea na mumewe, Mzee Mfaume. Alisema kijana hana ubaya, anaswali, hanywi, lakini ni mtu wa kupita. Atamchukua Rehema aende naye huko kwao, na yeye atabaki anazungumza na vyungu. Mzee Mfaume alikuwa mtu wa maneno machache, muuza duka mdogo wa chumvi, sabuni na mafuta ya taa, na nilisikia tu kitanda kikilia alipogeuka upande wa pili. Nilibaki nimelala vilevile, naangalia mabati. Kumbe nilikuwa nimekataliwa, na aliyenikataa ndiye aliyekuwa akinipakulia kichwa cha samaki, sehemu ya heshima, kila siku.

Wale samaki wa Hamisi walikuwa wawili, mmoja mnene mwenye mkia kama shela, mwingine mwembamba kidogo na mwepesi. Tangi lao lilikuwa la kioo, limeunganishwa kwa gundi nyeusi, na kona moja ilikuwa inavuja jasho bila kukoma, hivyo chini yake palikuwa na kitambaa kilichokunjwa ambacho Bi Somoe alikikamua asubuhi na jioni. Ndani kulikuwa na kokoto za ufukweni zilizochemshwa na majani ya majini ambayo mtu alimletea kutoka bwawa la Mitole. Hamisi alikuwa ameondoka yapata mwaka mmoja kabla ya harusi yetu. Ilisemekana amedandia meli kuelekea kusini. Hakuna simu iliyopigwa wala salamu iliyofika. Hakuna aliyelitaja jina lake wakati wa chakula, lakini kila baada ya swala ya alfajiri nilisikia kandambili za mama yake zikielekea sebuleni, kisha sauti yake ikiwaambia samaki kwamba kumekucha.

Masika ya mwaka ule ilianza kwa kishindo. Mvua ya kwanza ilipiga siku nzima, mapipa ya chini ya michirizi yakajaa, na Bi Somoe akafurahi kwa sababu maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi na aliamini samaki wake wanayavumilia tu kwa adabu. Akapunguza maji ya tangi na kuongeza ya mvua, ya baridi. Kesho yake asubuhi nilikuwa ukumbini nafunga kamba za viatu niende kazini nikasikia ananiita. Hakumwita Rehema. Aliniita mimi, kutoka sebuleni.

"Baba, njoo uwatazame. Wana wazimu."

Nikaingia. Samaki mwembamba alikuwa anamkimbiza mnene huku na huku, anamsukuma ubavuni, anamgandamiza kwenye majani, maji yanaruka hadi kwenye kitambaa cha meza. Tukainama wote wawili, yeye upande mmoja wa tangi na mimi upande wa pili, tukatazama. Baada ya muda nikaona vitu kwenye majani, vidogo kama chembe za sago, vinang'aa. Nikamwambia mama, haya ni mayai. Hatujamaliza kushangaa, yule mnene akageuka na kuanza kuyadonoa. Wazazi walikuwa wanakula mayai yao wenyewe. Bi Somoe akatumbukiza mkono mzima ndani ya maji, mkono wa gauni umelowa mpaka kwenye kiwiko, akang'oa lile fungu la majani na kuniambia nilete beseni. Nikaleta. Nilichelewa kazini siku hiyo, na njiani ndipo nilipogundua kwamba tumezungumza. Tulikuwa tumezungumza muda mrefu, na hakuna aliyevunja heshima, kwa sababu macho yetu yote yalikuwa kwenye kioo.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Beseni tuliliweka stoo, chumba kidogo cha uani kilichokuwa na magunia ya nazi, mbuzi ya kukunia, na dirisha moja lisilo na wavu. Baada ya siku chache vikatokea vitu kama nyuzi zenye macho mawili, vimeng'ang'ania ukingo wa beseni bila kusogea. Tuliamini vimekufa. Kisha asubuhi moja vyote vikawa vinaogelea, mamia, kama vumbi lililopata akili. Hakuna kati yetu aliyejua vinakula nini. Bi Somoe alijaribu unga wa mchele, maji yakachacha, na wengi wakafa. Mimi nilijaribu makombo ya mkate nikaua wengine. Waliookolewa waliokolewa na bahati. Bi Somoe alikuwa amewahamishia baadhi kwenye ndoo ya zamani iliyosahauliwa juani, maji yake yamekuwa ya kijani, na wale wa kwenye ndoo ndio walionenepa. Alinieleza hayo akiwa ameinamia ndoo, kwa sauti ya mtu anayeongea na maji. Tukaanza kutengeneza maji ya kijani kwa makusudi, kila chombo kilichopasuka pale uani kikapata kazi. Baadaye akagundua kiini cha yai: analichemsha, anakifunga kiini kwenye kipande cha kanga iliyochakaa, anakikamua majini mpaka kinatoka kama moshi wa njano. Mimi nilileta kutoka kazini mpira mwembamba wa majokofu, nikawa navuta uchafu wa chini kwa mdomo na kuumwaga, na kila nilipochelewa kuutoa mpira mdomoni nikanywa maji ya samaki, yeye aligeuza uso upande wa magunia. Nilijua anacheka kwa jinsi mabega yalivyokuwa yanatikisika.

Pale stoo ndipo nilipomfahamu. Nikirudi kazini jioni, jua likiwa bado lipo, nilimkuta na beseni zake, na tulifanya kazi tumepeana migongo au tumeinama pamoja. Alinisimulia Kisiwani ya utotoni mwake, jinsi walivyocheza kujificha ndani ya magofu na bibi yake akiwapigia kelele watoke, watu wenye nyumba wasije wakakasirika, wakati nyumba zenyewe zimebaki kuta tu. Alinisimulia Hamisi, na hilo pantoni la Ndundu. Aliniuliza Newala watu wanakula nini kiangazi, nikamwambia habari ya ming'oko, mizizi ya porini, mama yangu anavyoichemsha na sisi kuimenya ingali moto, na wiki iliyofuata nikakuta ming'oko kwenye sahani yangu. Sikujua ameipata wapi. Rehema aliniambia amemtuma mtu wa malori. Nakumbuka niliila peke yangu ukumbini, kwa sababu bado hatukula pamoja, na nilitamani sana kusema kitu kwa sauti ambayo ingepita juu ya ukuta.

Karibu na mwisho wa masika Mzee Mfaume aliamua kuita watu wasome dua ya kumwombea Hamisi. Alikuja mzee mwenzake mmoja kutoka Kinjumbi, na majirani, na vijana wa madrasa. Bi Somoe alipika tangu asubuhi: bokoboko, maandazi, chai ya tangawizi. Hakutaka isomwe dua ya marehemu, na mumewe alimhakikishia mara nyingi kwamba hii ni ya msafiri, ya kumwomba Mungu amrudishe. Mvua zilikuwa zimeacha madimbwi kila mahali na mbu walikuwa wakali. Alasiri, Rehema na mama yake wakiwa uani, mimi nikiwa natandaza mikeka barazani, Mzee Mfaume alifunga madirisha ya sebule, akachukua bomba la mkono la dawa ya mbu, akapuliza kila kona, nyuma ya viti, chini ya meza, juu ya mapazia. Alifunga mlango akaiacha dawa ifanye kazi. Hakuna aliyemwona. Baada ya magharibi tukaingia, chumba kikanuka dawa kidogo, na mtu mmoja akamsifu kwamba leo tutasoma bila kujikuna.

Tulikuwa katikati ya kusoma nilipoona pazia la ukumbini linasogea. Wanaume wamejaa, Bi Somoe asingeweza kuingia. Niliona vidole vyake tu vimeshika ukingo wa pazia, na nikamsikia akisema, si kwa sauti kubwa: "Baba, watazame samaki." Nilikuwa mimi peke yangu niliyekaa karibu na tangi. Nikageuka. Wote wawili walikuwa wamelala ubavu juu ya maji, mapezi yamekunjamana. Nikasimama, watu wakiendelea kusoma, nikaingiza mkono. Yule mnene alikuwa bado anafumbua mdomo na kufumba. Nikawachota kwenye bakuli la maji ya kunawia na kupita nao kati ya watu, nikiomba radhi, magoti ya wazee yakijikunja kunipisha. Pale nyuma ya pazia nikamkabidhi bakuli. Alilipokea kwa mikono miwili. Hadi wageni walipomaliza kula, wakanawa na kuondoka, alikuwa ameshawazika chini ya mpapai, amewafunga kwenye kipande cha ile kanga ya kukamulia yai.

Mzee Mfaume alisimama uani na lile bomba mkononi, sijui kwa nini alikuwa amelichukua tena. "Nilitaka wageni wasiumwe na mbu," akasema. Akasema tena, hivyohivyo, kisha akaingia ndani.

Siku zilizofuata nyumba ile isiyo na dari ilikuwa kimya mpaka nikasikia mchwa kwenye boriti. Bi Somoe hakumgombeza mumewe. Ingekuwa afadhali. Alimpakulia chakula, akampa Rehema apeleke. Alifua kanzu zake na kuzianika. Lakini hakutamka neno kwake, na hakukanyaga sebuleni. Na stoo pia hakuja. Alikaa chumbani kwake mlango umerudishiwa, akitoka kupika na kuswali tu. Mzee alianza kula dukani, amesimama, kati ya magunia ya chumvi. Rehema alilia, akaniambia ana hofu mama yake amemzika Hamisi pale chini ya mpapai. Nilimwambia asiseme hivyo. Lakini nami niliwaza hivyohivyo.

Niliendelea na vifaranga peke yangu. Nilikuwa nawalisha asubuhi kabla ya kazi, na kwa kuwa nilijua sitarudi mpaka jioni nikawa naongeza kiini, wapate cha kutosha. Baada ya siku kadhaa nikakuta tabaka jeupe juu ya maji na wengi wamelala chini kama uzi uliokatwa. Nilibadilisha maji. Kesho yake wakafa wengine. Nilisimama pale stoo na mpira wangu mkononi, nikajua kwamba lazima niende kwenye mlango ambao mkwe haendi. Nilivuka ua, nikaingia ukumbini, nikafika mlangoni kwake, nikageuka nikaupa mlango mgongo, nikakohoa.

"Mama," nikasema, "vifaranga wanakufa. Mimi peke yangu sitaweza."

Nilisikia Rehema ameacha kusaga tangawizi kule uani ili asikilize.

"Maji yananuka?" sauti ikauliza ndani.

"Yananuka."

"Unawapa yai jingi. Wana matumbo kama kichwa cha sindano, baba, unawapa chakula cha mtu." Kisha nikasikia kitanda, na kandambili. Nikaondoka haraka kumpisha, na nilipofika stoo alikuwa nyuma yangu, anafunga kanga kiunoni.

Wale waliosalia tuliwagawa kwenye makarai, wachache kila moja, kivulini. Kuhusu mumewe hakusema lolote. Lakini asubuhi moja tulikuta kopo la maziwa ya unga mlangoni mwa stoo, limejaa maji, na ndani yake viluwiluwi vya mbu vinajikunja na kujikunjua. Bi Somoe alilitazama kopo, akajua limetoka kwa nani, akaenda kulimwaga kwenye mgomba. Asubuhi iliyofuata kopo lilikuwepo tena. Akamwaga tena. Nilikuja kuambiwa kazini kwamba mkwe wangu anaonekana kila alfajiri amechuchumaa kwenye dimbwi la nyuma ya msikiti, amepandisha kanzu, ana chujio la chai, na walipomuuliza anatafuta nini alisema anawatafutia wajukuu chakula. Nikamsimulia Bi Somoe hayo nikiwa nimeinamia karai. Kopo lilipokuja tena alilichukua, akamimina kidogo. Vifaranga, ambao mpaka siku hiyo walikuwa wakinyonya moshi wa yai kwa adabu, waliruka kama fisi. Wengine walishika kiluwiluwi kikubwa kuliko kichwa chao, wakakimbia nacho kimening'inia mdomoni, hawawezi kukimeza wala hawataki kukiachia. Bi Somoe akacheka, safari hii kwa sauti.

Mchana ule alimwambia Rehema, na mzee akiwa amekaa pale pale barazani, "Mwambie baba yako kesho achague wadogo. Hawa wakubwa hawawawezi." Mzee Mfaume akaitika kabla Rehema hajafungua mdomo. Tulikula wali na mbaazi siku hiyo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilisikia, juu ya ukuta, watu wazima wawili wakijadiliana kwa sauti za kawaida ukubwa wa viluwiluwi.

Ninapowasimulia watu habari hizi huwa wanataka niwaambie samaki walikuwa wazuri namna gani. Ukweli ni kwamba kwa miezi mingi walikuwa wabaya. Walikuwa na rangi ya tope. Jirani alichungulia stoo akaondoka akitangaza kwamba Bi Somoe na mkwewe wanafuga vyura. Mimi mwenyewe nilianza kuamini kwamba dhahabu ni ya wale wazee tu, wameondoka nayo. Bi Somoe hakuwa na wasiwasi, au hakuuonyesha. Tangi la kioo lilikuwa limetolewa sebuleni, limeoshwa, limewekwa juani, limeoshwa tena, wiki baada ya wiki, na kila mara akilinusa anasema bado. Kusi ilipoanza kuvuma na asubuhi zikawa za ubaridi, Rehema alijifungua mtoto wa kike. Alizaliwa Alhamisi, kwa hiyo jina halikuleta mjadala: Mwanahamisi. Aliyelitamka kwanza alikuwa Mzee Mfaume, kwa woga, akimwangalia mkewe, na Bi Somoe alisema, "Ndilo," akaendelea kumkanda mtoto mafuta ya nazi.

Siku moja katika arobaini ya mtoto niliingia stoo nikaona mmoja wa vifaranga amegeuka mweusi tumboni, nikadhani anaumwa. Baada ya siku kadhaa weusi ukaanza kufifia na chini yake kukatokea rangi ya embe dodo. Kisha mwingine, na mwingine. Nilimwita Bi Somoe, akaja na mtoto begani, akainama. Hakupiga vigelegele wala kusema maneno makubwa. Alikaa pale kwenye kigoda mpaka mtoto alipoanza kulia njaa. Jioni alinusa tangi, akasema sasa limesafika, na mimi na Mzee Mfaume tukalibeba, yeye kichwa na mimi mkia, tukalirudisha chini ya dirisha. Rehema anasema nakumbuka vibaya, kwamba tulilirudisha baada ya arobaini. Inawezekana. Ninachokumbuka bila shaka ni mzee akikamua kile kitambaa cha kona asubuhi iliyofuata, bila kuambiwa na mtu.

Mwaka ulipokuwa unaisha nilipata kazi Lindi, ya kutunza majokofu ya chanjo. Mshahara ulikuwa mzuri zaidi na kulikuwa na chumba cha kuishi. Rehema alifurahi, kisha akakumbuka. Alisema yeye hawezi kumwambia mama yake. Nilikaa na habari ile siku kadhaa. Nilikuwa nimelisikia neno lile juu ya ukuta mwanzoni mwa mwaka, kwamba mimi ni mtu wa kupita, na sasa nilikuwa naenda kulithibitisha kwa kinywa changu. Niliwaza kumtuma mzee. Niliwaza kuondoka kwanza mimi, kisha Rehema afuate kama anayekwenda kutembea tu. Mwishowe nilienda stoo saa ya mchana, nikamkuta anawachagua samaki wa kuwagawia majirani, kwa sababu tangi lilikuwa limejaa na sasa kila nyumba ya mtaa, hata ile ya jirani wa vyura, ilitaka. Nikachuchumaa upande wa pili wa karai. Nikamwambia yote: kazi, chumba, mwezi wa kuondoka, na kwamba nitamchukua Rehema na mtoto.

Mkono wake ulikaa ndani ya maji bila kusogea, na samaki wakauzunguka.

"Hamisi alinibusu mkono akasema anakwenda sokoni kununua sukari," akasema. "Nikatenga maji ya chai. Mpaka leo sijui nilipaswa kuyaepua lini." Akachota samaki mmoja, akamtazama, akamrudisha. "Wewe umekuja, umekaa mbele yangu, umeniambia. Basi nendeni, baba. Mtoto mvalishe kofia njiani, barabara ina vumbi."

Niliinamia karai mpaka macho yakatulia. Yeye aliendelea kuchagua, wakubwa huku, wadogo kule, na baada ya muda akaniuliza kama maji ya Lindi nayo yana chumvi. Nikamwambia sijui, mama, nitauliza.